Mzee wa Bolton anasema pipi ziliachiwa mara mbili: ni kweli au ni uzee?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Shinyanga, nafanya kea, kazi ya kuhudumia wazee, hapa Bolton, Uingereza. Kuna mzee namhudumia nyumbani kwake, kazaliwa hapahapa 1938. Kila nikienda ananipigia stori za utoto. Anasema kulikuwa na mtu analipwa kuja alfajiri kugonga dirisha la juu kwa fimbo ndefu. Anasema mji mzima ulikuwa unahama kwa wiki moja, unabaki mtupu. Anasema pipi ziliachiwa huru halafu zikafungiwa tena. Mtaa aliokulia nikiutafuta kwenye simu haupo. Binti yake ananiambia nisimtilie maanani sana, ni uzee, ila hapohapo anatamani hizo stori ziandikwe wajukuu wazisome. Je ni kweli hayo? Na nikitaka kusaidia kuziandika naanzia wapi?"

Marahaba mwanangu. Ngoja nianze na hilo la pipi manake ndo limemponza mzee wa watu mpaka anaonekana kachanganyikiwa. Yuko sahihi kabisa. Pipi na chokoleti ziliingia kwenye mgao Julai 1942, vita vikiwa vimepamba moto, kila mtu na kuponi zake. Vita vikaisha 1945 lakini mgao haukuisha, na hapo ndo watu wengi wanapokosea, wanadhani amani ilikuja na sukari. Tarehe 24 Aprili 1949 serikali ikaziachia, watu wakavamia maduka, watoto na watu wazima, mzigo ukaisha haujamaliza hata miezi mitatu minne, ikabidi Agosti mwaka huohuo zirudishwe kwenye kuponi. Zikaja kuachiwa moja kwa moja tarehe 5 Februari 1953. Sasa piga hesabu: mzee wako 1949 alikuwa na miaka kumi, kumi na moja hivi. Mtoto wa umri huo unampa pipi miezi michache halafu unamnyang'anya, hiyo hawezi kuisahau mpaka anaingia kaburini. Binti yake yeye kazaliwa mgao umeshakwisha, na simulizi nyingi zinataja 1953 tu, ndo maana anaona baba anachanganya. Wewe uliyeishi kwa wazazi waliopitia foleni za maduka ya kaya pale kwetu mwanzoni mwa miaka ya 80 utamwelewa haraka kuliko huyo binti.

Na hili ndilo nataka ulishike kabla hatujaenda mbali. Kumbukumbu za utotoni zina mahali zinaaminika na mahali hazitabiriki. Kitu ambacho mtoto alikishika, alikila, alikinusa, alikiogopa, hicho mara nyingi kiko sawasawa hata baada ya miaka themanini. Kinachoteleza ni mwaka, na kipi kilitangulia kipi. Kwa hiyo usimbishie mzee kwenye jambo lenyewe, we chukua jambo kama anavyolisema, halafu mwaka utautafuta mwenyewe kwenye karatasi.

Mgonga madirisha alikuwepo. Wanamwita knocker-up. Bolton ulikuwa mji wa kusokota nyuzi za pamba, tena nyuzi nyembamba za hali ya juu zilizosokotwa kwa pamba ndefu ya Misri, na kiwandani geti lilikuwa linafungwa, ukichelewa unarudi nyumbani bila ujira. Saa ya kuamshia ilikuwa na bei, ndo mtaa mzima unamlipa mtu senti kadhaa kwa wiki, anapita gizani na mwanzi mrefu wenye vijiwaya nchani, anakwaruza kioo cha chumba cha juu mpaka aone umesogeza pazia. Hiyo kazi ilidumu sehemu za Lancashire, mkoa ambao Bolton ilikuwemo enzi hizo, mpaka baada ya vita kwa hiyo mtoto wa miaka ya 40 kumsikia ni jambo la kawaida tu. Muulize kilichofuata baada ya dirisha kugongwa, manake wazee wengi wanachokumbuka zaidi ni zile klogi, viatu vya soli ya mbao vilivyopigwa chuma chini, mamia ya watu wanashuka mtaa wa mawe kwa wakati mmoja. Watoto nao walikuwa wanapiga teke mawe kwa makusudi ili chuma kitoe cheche usiku. Muulize kama yeye alikuwa anafanya hivyo uone atakavyocheka.

Hilo la mji kuhama sasa, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni moja ya mambo mazuri kabisa ya ile Lancashire ya zamani na vijana hapa hawalijui tena. Kila mji wa viwanda ulikuwa na wiki yake ya kiangazi, inaitwa wakes week, Bolton walikuwa wanasema tu Bolton Holidays, mwishoni mwa Juni kuingia Julai. Viwanda vyote vinazima mitambo kwa pamoja, mafundi wanabaki kufanya matengenezo, wengine wote wanakwenda zao baharini, na kwa watu wa huku bahari ni Blackpool. Kila mji na wiki yake ili Blackpool isifurike, wiki hii Bolton wiki ile Oldham, na pale unakutana na majirani zako walewale kwenye mchanga. Treni zinaondoka stesheni ya Trinity Street zimejaa mpaka milangoni. Na ujue kabla ya sheria ya 1938 ya likizo yenye malipo, wengi wao hiyo wiki walikuwa hawalipwi chochote, kwa hiyo mwaka mzima wanaweka kidogokidogo kwenye vikundi vya akiba pale kiwandani, kama vikoba vyetu, wanakuja kugawana siku ya kufunga kazi. Maduka mengi yanafungwa kwa sababu wa kumuuzia hayupo. Kuna kitu kimoja wazee wanakitaja na mimi nakipenda sana: wale ambao hawakuwa na hela ya kwenda popote walibaki, na hiyo wiki ndo pekee walikuwa wanaviona vilima vya Winter Hill na Rivington vizuri toka mlangoni, kwa sababu mabomba ya moshi yamenyamaza na hewa imesafika. Siku nyingine zote moshi wa makaa umetanda, nguo alizoanika mama zinaingia na vumbi jeusi. Sheria ya hewa safi ilikuja 1956, mzee wako ameshakuwa kijana wa miaka 18.

Haya, mtaa kutokuonekana kwenye simu. Hilo lisikushtue. Miaka ya 50 mpaka 70 halmashauri za miji ya viwanda zilibomoa mitaa mingi sana ya nyumba zile za kubanana, vyumba viwili chini viwili juu, choo uani, beseni la bati la kuogea linaning'inia ukutani. Watu wakahamishiwa kwenye nyumba mpya za halmashauri pembezoni, mitaa mingine ikafutika hata jina. Kwa hiyo unahitaji ramani ya zamani. Maktaba ya taifa ya Scotland imeweka kwenye tovuti yake ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la serikali la ramani, za Uingereza nazo zimo, bure, na zile kubwa za inchi 25 kwa maili zinaonyesha mpaka vibanda vya uani, kanisa, baa, kiwanda na jina lake. Wana sehemu unalaza ramani ya zamani juu ya picha ya sasa ya setilaiti unaivuta taratibu unaona pale palipokuwa mtaa wake leo ni maegesho au barabara. Mwonyeshe mzee kwenye tableti ukiwa umekuza vizuri. Usimwambie kitu, mwache kidole kitembee chenyewe.

Na ukitafuta nyaraka angalia neno Lancashire. Bolton imeingizwa Greater Manchester tarehe 1 Aprili 1974, kabla ya hapo yote yameandikwa Lancashire, na ukiwaambia wazee wa umri wake kuwa wao ni watu wa Greater Manchester wengine wanakasirika kweli.

Kuhusu karatasi za familia, kuna bahati mbaya iliyowakuta watu wa kizazi hicho. Sensa ya 1921 ilifunguliwa kwa umma 2022. Ya 1931 iliungua moto Desemba 1942 ikateketea. Ya 1941 haikufanyika kabisa kwa sababu ya vita. Ya 1951 imefungwa miaka mia, mpaka 2052. Kwa hiyo kinachobaki ni kimoja tu, rejista ya tarehe 29 Septemba 1939, waliyoiandika haraka vita vilipoanza ili kutoa vitambulisho, na baadaye ikatumika kwa kadi za mgao. Mule utakuta nyumba, majina, tarehe za kuzaliwa na kazi za wazazi wake. Mstari wake yeye utakuta umefunikwa kwa weusi kwa sababu yuko hai na hajafika miaka mia, usifikiri amekosekana. Tovuti zenye rejista hiyo ni za kulipia lakini maktaba nyingi za umma zinakuruhusu kuzitumia bure ukiwa palepale. Kitu kimoja tu: mama wa nyumbani wengi wameandikwa wanafanya kazi za nyumbani zisizo na malipo, sasa usije ukahitimisha mama yake hakuwahi kukanyaga kiwandani. Lancashire wanawake walifanya kazi viwandani vizazi na vizazi, wengi wanatoka kujifungua na kurudi, na mtoto anaachwa kwa bibi au jirani. Muulize mzee nani alimlea mchana.

Sasa namna ya kuuliza. Kea wengi na hata ndugu wanakaa na mzee wanamwambia "tuambie maisha ya zamani yalikuwaje", mzee wa watu anajibu "tulikuwa maskini ila tulikuwa na furaha" na stori inaishia hapo. Swali kubwa linaleta jibu la jumla. We muulize swali dogo. Mwambie akutembeze toka mlangoni kwao mpaka shuleni, nyumba ya kwanza ni ya nani, kona kuna duka gani, nani alikuwa anaogopwa mtaani, mbwa yupi. Mambo yote yako kwenye hiyo njia ya shule. Atakwambia kizingiti alichokuwa anakisugua mama yake kwa jiwe mpaka kinang'aa, na hilo jiwe walilipata kwa mzee mwenye mkokoteni anayepita kukusanya matambara, unampa nguo kuukuu yeye anakupa jiwe. Atakwambia zulia la mbele ya moto lililotengenezwa kwa vipande vya makoti ya zamani vilivyochomekwa kwenye gunia. Atakwambia nguo mpya za sikukuu ya Pentekoste, mtoto anavalishwa anazungushwa kwa majirani na shangazi wamsifie, na kila mmoja anamtumbukizia peni mfukoni, halafu maandamano ya makanisa yanapita na mabango na bendi. Atakwambia usiku wa tarehe 5 Novemba moto unawashwa uwanjani, wanakula njegere nyeusi za moto zilizomwagiwa siki, hicho ni chakula cha Bolton hasa, ukikipata kionje.

Ukishayapata hayo ndo unayapanga miaka, na kwa mtu wa 1938 kuna alama nzuri sana za kukusaidia. Muulize ndizi yake ya kwanza aliiona lini. Sisi swali hilo tunaliona la ajabu ila serikali ilizuia ndizi kuingizwa Novemba 1940 na zikarudi mwisho wa 1945, kwa hiyo watoto wa rika lake waliiona ndizi wakiwa na miaka saba au nane na wengine waliing'ata na ganda lake. Muulize maziwa ya shule, ile chupa ndogo ya theluthi ya painti, watoto wote wa shule walianza kupewa bure kwa sheria ya 1946, na wakati wa baridi ilikuwa inakaa karibu na hita mpaka maziwa yanakuwa vuguvugu, kuna wazee mpaka leo hawagusi maziwa kwa sababu hiyo. Theluji kubwa wanazichanganya, ya mwanzoni mwa 1947 na ile ya 1962 kuingia 1963; akisema alikuwa anaenda shule basi ni ya 1947, akisema alikuwa kazini au ana mchumba basi ni ya pili. Karamu za mtaani, meza zimepangwa katikati ya barabara, nazo zinachanganywa: kuna za Mei 1945 Ujerumani iliposalimu amri, kuna za Agosti 1945 kwa Japani, kuna za tarehe 2 Juni 1953 malkia alipovishwa taji. Akitaja mvua na baridi na watu kujazana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni, hiyo ni 1953 usihangaike. Na televisheni anayoitaja Bolton mara nyingi ni ya baada ya Oktoba 1951, ulipofunguliwa mtambo wa Holme Moss uliofikisha matangazo ya BBC sehemu za huku kaskazini.

Mtihani wa miaka kumi na moja, ule wa kuchagua nani aende sekondari ipi, aliufanya karibu 1949. Huo uliza kwa upole. Wachache walipita wakaenda grama, sekondari za waliofaulu, wengi waliambiwa wana miaka kumi na moja tu kuwa hawakuchaguliwa, wakatoka shule kwenye miaka 15 kuingia kiwandani au ufundi, na kuna ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa na barua ile maisha yao yote. Uwe mwangalifu vilevile na habari ya Burnden Park, uwanja wa zamani wa Bolton Wanderers. Tarehe 9 Machi 1946 kwenye mechi ya kombe na Stoke City watu walifurika kupita kiasi, vizuizi vikavunjika, watu 33 wakafa kwa kubanwa, na mchezo ukaendelezwa na maiti zimelazwa pembeni ya uwanja zimefunikwa makoti. Alikuwa na miaka saba au nane. Inawezekana baba yake au mjomba wake alikuwepo, inawezekana yeye mwenyewe alibebwa. Usiianzishe wewe. Akiianzisha yeye, zima maswali, msikilize, na akinyamaza nawe nyamaza. Ukitaka mpira wa furaha mpe jina la Nat Lofthouse, mtoto wa Bolton, aliyefunga mabao yote mawili fainali ya Kombe la FA ya 1958 dhidi ya Manchester United, hapo mzee atapata nguvu za ghafla.

Na wewe usikae kama karani wa kuandika tu. Umetoka Shinyanga, nchi ya pamba. Yawezekana sana huyu mzee maisha yake yote pamba ameiona ikiwa robota imefungwa, au imeshakuwa uzi, au ni vumbi kwenye nywele za mama yake anaporudi jioni, hajawahi kuona ua lake wala tumba likipasuka shambani. Mwelezee mnavyochuma, mnavyotenga nyeupe na chafu, bei zinavyowaliza wakulima. Halafu naye muulize kiwandani kulikuwaje, wanaume wanatembea peku kwenye sakafu yenye mafuta wakifuata mashine inayokwenda mbele na kurudi siku nzima, na vijana wadogo wanaunga nyuzi zilizokatika mashine ikiwa inatembea. Ukimpa chako naye anakupa chake, tena mazungumzo yanakuwa ya watu wawili. Mwulize pia viwanda vilipoanza kukosa watu miaka ya 60 alifanya kazi na nani, kwa sababu Bolton ilipokea Wagujarati wengi, wengine kutoka India moja kwa moja na wengine kutoka Kenya na Uganda, wale wa Uganda hasa baada ya Amin kuwafukuza 1972. Mpaka leo kuna wazee wa Kihindi hapo mjini ukiwaamkia kwa Kiswahili wanageuka. Kumbukumbu zao nazo ni historia ya Bolton, na hakuna anayezikusanya kwa kasi inayotakiwa.

Kuna hazina nyingine mji wako unayo ambayo miji mingi ya Uingereza haina. Kuanzia 1937 kikundi cha watafiti wa Mass Observation, wakiongozwa na Tom Harrisson, waliweka kambi Bolton wakaupa jina la siri Worktown, wakaandika kila kitu, watu wanakunywaje baa, wanaongea nini dukani, wanavaaje kanisani. Humphrey Spender akapiga mamia ya picha, za mitaani, baa, mazishi, watoto wanacheza uwanjani, na wale watu walipokwenda Blackpool naye akawafuata. Picha ziko kwenye makumbusho ya Bolton na unaweza kuziangalia mtandaoni. Hizo ni za mwaka uleule aliozaliwa mzee na mwaka uliotangulia. Mwekee moja baada ya nyingine bila haraka. Usiwe na hamu ya kumwona anamtambua mtu, we mwache atambue kofia, dirisha, ngazi.

La mwisho ni la kazi yako, na hili usilipuuze. Wewe ni kea, uko pale kwa mkataba, na sheria za faragha hapa ni kali. Usirekodi sauti wala kupiga picha karatasi yoyote kabla hujamuuliza mzee mwenyewe wakati akili imetulia, ukamuuliza na binti, na ukamjulisha meneja wako kwa maandishi. Afadhali simu ya kurekodia iwe ya binti, na rekodi zikae kwa familia, wewe ubaki mwulizaji. Kama kumbukumbu zake zimeanza kuyumba kwa ugonjwa, ruhusa ya leo iulize tena kesho. Rekodi vipande vya nusu saa, asubuhi ni bora kuliko jioni, na mwanzoni mwa kila kipande sema tarehe na waliopo. Ukiandika, acha maneno yake kama alivyoyatamka na lafudhi yake ya Bolton, usiyanyooshe, miaka mliyoitafuta muiweke pembeni kwa maandishi tofauti ili wajukuu wajue kipi ni cha babu na kipi kimetoka kwenye karatasi. Picha za zamani ziandikeni nyuma kwa penseli, sio kalamu ya wino, nani yuko na wapi. Na nakala moja familia ikiridhia ipelekeni kitengo cha historia pale maktaba kuu ya Bolton, Le Mans Crescent. Huko watakuonyesha pia magazeti ya zamani ya Bolton Evening News na, kama yapo na hayajafungwa kwa faragha, madaftari ya matukio ambayo walimu wakuu walitakiwa kuandika tangu miaka ya 1860. Humo anaandika shule imefungwa kwa surua, watoto wamekosa kwa sababu ya theluji, wametokea wachache kwa sababu ni wiki ya likizo ya mji. Ukikuta siku mzee anayoisema imeandikwa kwa mkono wa mwalimu wake, piga nakala umpelekee binti aisome mwenyewe.